Uchovu wa kazi unapimwa kwa Kiswahili cha nani?

Katika likizo ndefu iliyopita, mimi na mwanafunzi mwenzangu wa kike tulipata kazi ya wiki mbili katika kampuni ndogo ya usafirishaji, nje kidogo ya Lubumbashi. Kampuni hiyo hupokea kazi kutoka kwa makampuni ya madini. Daktari wake alitaka kujua kama wafanyakazi wanaumia akilini kwa sababu ya kazi. Alikuwa na fomu ya maswali kwa Kifaransa, akatuomba tuitie katika Kiswahili, kisha tuwasomee madereva, mafundi, walinzi, wapishi na makarani, tukiandika majibu yao kwa tarakimu: 0 kama jambo halikutokea kabisa, 3 kama lilitokea karibu kila siku. Tulifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kutulipa kwa sababu tunasoma lugha za Kiafrika.

Siku ya pili aliketi mbele yangu dereva wa lori mwenye miaka 57. Nilimsomea swali kama tulivyolitafsiri: «Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi ulisumbuliwa na msongo wa mawazo?» Akacheka. «Msongo? Mi sina mawazo, mwana wangu. Mawazo iko ya batoto. Mi niko natumika tu.» Nikaandika 0. Tuliendelea hivyo mpaka mwisho, na karibu kila mahali nikaandika 0. Alipokuwa anainuka alishika meza akasema: «Mugongo njo inaniluma. Na usingizi inakataa, toka balisema bazee batatoka.» Akaniuliza kama daktari ana dawa ya usingizi. Nikamjibu, «Papa, uende ukaulize kwenye dispanseri», nikamwita aliyefuata. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika alichosema akiwa amesimama.

Wiki chache baadaye, alfajiri, lori lake liliacha barabara likaanguka mtaroni. Alikuwa amesinzia. Hakuna aliyekufa. Alifukuzwa kazi kwa uzembe, na alipojitetea kwamba alikuwa mgonjwa, hakulali, aliambiwa kwamba uchunguzi uliofanywa na kampuni ulimwonyesha mzima kabisa. Uchunguzi huo ni ile karatasi yangu. Jina lake lilikuwa juu, na sifuri ziliandikwa kwa mkono wangu.

Ninaandika makala haya katika jarida letu kwa sababu nimeanza kuamini jambo ambalo kwanza nililikataa: kosa lile lilikuwa kosa la kiisimu. Daktari alijua udaktari wake. Sisi ndio hatukujua kazi yetu.

Tuanze na neno lenyewe. «Msongo wa mawazo» ni neno zuri. Latoka katika kusonga, kitenzi kile kile cha kusonga ugali: kubana, kukandamiza, kusukuma vitu vikazane. Kamusi zinalo, redio zinalitumia, na wenzetu wa Tanzania na Kenya wanalitumia kila siku. Lakini Lubumbashi ni nani analisema akiwa na uchungu? Kijana atasema «niko na stress», au atasema kwa mzaha kwamba kichwa inamujaa. Mzee atataja mgongo, tansio, moyo unaopigapiga, usingizi unaokataa. Mama atasema amechoka, kisha ataanza kuzungumzia watoto. «Msongo wa mawazo» watu hawa wote wanaweza kuuelewa, kama wanavyoelewa habari ya redio. Ila kuelewa neno si sawa na kulitumia kwa ajili ya nafsi yako. Kwa yule dereva, «mawazo» ni jambo la mtu asiye na shughuli, la mtoto anayeota mchana. Nilipomwuliza kama ana msongo wa mawazo, yeye alisikia kama nimemwuliza: je, wewe si mwanaume mzima? Akajibu swali alilolisikia, na kwa swali hilo jibu lake lilikuwa sahihi.

Tunafundishwa darasani kwamba sentensi moja inaweza kuwa matendo mawili tofauti, kutegemea nani anamwambia nani. Tunaandika hivyo katika mitihani. Halafu tunachukua fomu moja, tunaisoma kwa sauti ile ile kwa mtu wa miaka 57 na kwa mtu wa miaka 22, kwa mwanamke na kwa mwanaume, tunajumlisha tarakimu, na tunasema tumepima kitu kimoja.

Tazama matokeo yetu. Wazee walipata alama ndogo sana. Vijana wa kiume walipata ndogo pia. Wanawake, hasa makarani na wapishi, walipata alama kubwa. Katika mkutano wa mwisho kiongozi mmoja alisema kwamba sasa ni wazi: wanawake wana moyo mwepesi, kazi hii ni nzito kwao. Nilikuwa chumbani. Nilijua kwamba haikuwa wazi hata kidogo, lakini sikuwa na maneno ya kueleza kwa nini. Leo ninajaribu kuyapata.

Kwanza wazee. Mtu wa miaka 57 katika Katanga ya leo amekulia katika lugha ambamo kazi ilikuwa ndiyo mtu mwenyewe. Johannes Fabian aliandika makala nzima mwaka 1973 juu ya neno moja tu, «kazi», katika midomo ya wafanyakazi wa Katanga wanaosema Kiswahili. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha 2001, Bana Shaba abandonnés par leur père, ameonyesha jinsi kampuni kubwa ilivyokuwa baba wa familia ya mfanyakazi: ilitoa nyumba, posho, shule na hospitali, na kwa njia hiyo ilimpa baba wa nyumbani mamlaka yake. Kisha baba huyo mkubwa alianguka. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa «départs volontaires». Hakuna mtoto wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi asiyejua nyumba moja iliyobadilika mwaka ule. Mzee aliyeyaona hayo akisikia «bazee batatoka», halali. Hatasema kwamba ana hofu, kwa sababu hofu hiyo haina neno linaloweza kusemwa na baba mbele ya kijana mwenye kalamu. Ataiweka mgongoni. Mgongo unaruhusiwa kuuma.

Tena tazama kitenzi alichokitumia: «niko natumika». Katika Kiswahili sanifu, kutumika ni hali ya kitu kinachotumiwa na mtu. Katika Kiswahili chetu ni kufanya kazi tu. Sitaki kujenga falsafa juu ya kiambishi, na mwalimu wangu wa mofolojia angenikemea. Ninasema hivi tu: yule papa alinipa sentensi ya Kiswahili chake, nami nilikuwa nimefungua masikio kwa Kiswahili kingine.

Pili vijana. Hawa wana maneno. Wanajua «stress», wanajua «dépression», wanayasikia katika nyimbo na katika simu. Wangeweza kujibu. Lakini wengi wao wana mkataba wa miezi 3, au hawana mkataba, wanaitwa asubuhi kama kuna mzigo. Kijana mmoja wa rika langu aliniangalia vizuri kabla ya kujibu, akaniuliza: «Hii karatasi inaenda wapi?» Nilimjibu kwamba inaenda kwa daktari. «Na daktari, nani anamulipa?» Nikanyamaza. Akasema, «Basi andika iko bien. Tuko tu tunajikaza, yaya.» Nikaandika 0. Hapa tatizo halikuwa msamiati. Lilikuwa ni swali la nani anasikiliza. Kujikaza ni neno la kijana asiye na haki ya kuchoka, kwa sababu langoni kuna wengine wanaosubiri nafasi yake.

Tatu wanawake, na hapa ndipo tulipofanya kosa baya zaidi. Katika fomu ya Kifaransa kulikuwa na kitenzi «gêner»: je, uligênéwa na jambo fulani? Tulikitafsiri «kusumbuliwa». Ndiyo tafsiri ya kawaida, ukifungua kamusi utaikuta. Lakini mwambie mfanyakazi wa kike wa mji huu, «Je, ulisumbuliwa kazini?» Kila mtu anajua «chef ananisumbua» maana yake ni nini. Ni namna ya adabu ya kusema kwamba mkubwa wako anakutaka kwa nguvu ya cheo chake. Sisi tulilirudia neno hilo katika kila swali, mbele ya mlango ulio wazi, na msimamizi akipita kwenye baraza. Mpishi mmoja alijibu maswali yangu akiangalia chini: usingizi, 3, machozi, 3, uchovu, 3. Nilipofika kwenye swali la «kusumbuliwa na watu wa kazini» alisema «apana» haraka sana. Jioni mwenzangu wa kike alimkuta kisimani akiosha masufuria. Hakumwuliza kwa fomu. Alimwuliza tu, «Mama, kazi ya hapa inaendaje?» Waliongea mpaka giza. Sitaandika hapa aliyoyasema, si yangu. Nitasema tu kwamba «apana» ile haikuwa hapana.

Basi wanawake hawakuwa na alama kubwa kwa sababu ya moyo mwepesi. Walikuwa na alama kubwa kwa sababu lugha yetu inamruhusu mwanamke kulia mbele ya watu, inamkataza mwanaume. Lakini inamruhusu kutaja machozi tu. Chanzo cha machozi inamkataza. Mwanaume mzee hakutaja chozi wala chanzo. Tulichopima ni nani anaruhusiwa kusema nini. Tukakiita afya ya akili.

Kuna jambo lingine dogo. Fomu iliuliza: «Unafanya kazi saa ngapi kwa siku?» Wanawake wote walijibu kama wanaume: 8, 9. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inaweka kikomo cha saa 45 kwa wiki, na kwa majibu hayo hakuna aliyekuwa mbali na sheria. Lakini mwenzangu alipouliza, «Unaamka saa ngapi, unalala saa ngapi, na katikati unafanya nini?», siku ya mama mmoja ilianza saa kumi za usiku kwa kuchota maji na ikaisha saa tano za usiku kwa kufua. Yeye mwenyewe hakuiita kazi. Kiswahili cha mji wa migodi kimezoea kuita kazi kile kinacholipwa mshahara; «mama hafanyi kazi, yuko nyumbani» ni sentensi tunayoisema bila kufikiri. Hata sheria ilikuwa na mtazamo wake: mpaka marekebisho ya 2016, Kanuni ya Familia ya 1987 ilidai ruhusa ya mume kabla mke hajafunga mkataba. Sheria imebadilika. Neno bado.

Najua jibu la wengi, maana nimeshalisikia bwenini. «Wewe na maneno yako! Watu hawa wanahitaji mshahara unaofika tarehe yake, mkataba, na usiku wa kulala. Hata ukiwapa kamusi nzima hawatapona.» Ni kweli. Robert Karasek alieleza mwaka 1979 kwamba kazi huumiza zaidi pale inapodai mengi kwa mtu asiye na uwezo wa kuamua chochote. Dereva anayepangiwa safari ya usiku, kijana anayeitwa na kuachwa, mpishi anayemtegemea chef kwa kila siku ya mapumziko: hawa wote wamo katika maelezo hayo, na hakuna tafsiri itakayowatoa. Sisemi lugha inaponya. Ninasema kwamba mwajiri haondoi tatizo ambalo karatasi zake zinasema halipo. Na karatasi zile zilisema halipo kwa sababu ya tafsiri.

Wajapani walikufa kwa kazi nyingi kabla hawajawa na neno «karoshi», yaani kifo kinacholetwa na kazi kupita kiasi. Neno halikuwazuia kufa. Lakini neno liliwapa wajane kitu cha kuandika juu ya fomu ya madai, na mwaka 2014 Japani ilitunga sheria ya kuzuia kifo hicho. Karibu na kwetu, watafiti waliochunguza huzuni ya akina mama baada ya kuzaa huko Kinshasa, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2008, hawakuanza na fomu ya kigeni. Walianza kwa kuwauliza wenyeji wanaiitaje hali hiyo, wakapewa jina: «maladie ya souci». Nusu Kifaransa, nusu Lingala, na kila mama wa mtaa analielewa. Huko Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda na wenzake walioanzisha «Friendship Bench» mwaka 2006 walitumia neno la Kishona «kufungisisa», yaani kufikiri kupita kiasi, na waliowaketisha kwenye benchi kuwasikiliza wagonjwa ni mabibi wazee wa mtaa. Waliona mambo mawili ambayo sisi hatukuyaona: neno litoke kwa mgonjwa, na umri wa anayeuliza una uzito. Yule papa angemwambia nini mtu wa rika lake? Hakika si kile alichoniambia mimi, kijana wa miaka 24 mwenye fomu.

Wengine watasema Kifaransa kinatosha, kwani ndiyo lugha rasmi. Katiba ya 2006 inasema hivyo, na papo hapo inataja lugha nne za taifa, Kiswahili kimoja wapo, ambazo Serikali inapaswa kuziendeleza. Lakini mimi sina neno na Kifaransa. Nina neno na imani yetu sisi wenyewe, watu wa kitivo hiki, kwamba tukishatoka katika Kifaransa na kuingia katika Kiswahili bora tumekwisha kufika kwa watu. Hatujafika. Kwa yule dereva, «msongo wa mawazo» ulikuwa mbali kama «surmenage», pengine mbali zaidi, maana «surmenage» angeniuliza maana yake.

Basi tufanye nini? Ninapendekeza mambo manne, yote madogo.

La kwanza, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wapewe ruhusa na moyo wa kuandika kazi zao juu ya lugha ya maumivu: jinsi watu wa Katanga wanavyotaja uchovu, hofu, aibu na usingizi, kwa umri na kwa jinsia. Tunazo kazi nyingi juu ya ngeli, na ninazipenda ngeli. Lakini orodha ya maneno mia moja ambayo mlinzi wa usiku hutumia kueleza kichwa chake ingemsaidia daktari kesho asubuhi.

La pili, tafsiri yoyote ya fomu ya afya inayopita mikononi mwetu irudishwe katika lugha ya kwanza na mtu mwingine asiyeona asili, kisha ijaribiwe na watu wachache wa kila rika, wanawake na wanaume, na waulizwe: «Umesikia nimekuuliza nini?» Kama tungefanya hivyo siku moja tu, «kusumbuliwa» lingeanguka kabla ya saa sita mchana.

La tatu, anayeuliza achaguliwe kama swali linavyochaguliwa. Mwanamke amwulize mwanamke, mtu mzima amwulize mtu mzima, mlango ufungwe, na jina lisiandikwe juu ya karatasi. Kama kampuni haikubali, tukatae kazi hiyo, hata kama inalipa. Ninaandika hivi nikijua kwamba mimi sikukataa.

La nne, fomu iwe na mistari mitupu chini. Mtu husema neno lake la kweli akiwa ameshainuka kwenye kiti.

Tusidhani pia kwamba mambo haya yako migodini tu. Wasaidizi wetu wanaofundisha miaka mingi wakisubiri cheo, makarani wa kitivo, mama anayefagia ukumbi huu kabla hatujaingia: nani kati yetu amewahi kuwauliza, na kwa maneno gani? Tukiwaona wamenyamaza tunasema wana adabu.

Wahenga wanasema mficha maradhi, kilio humuumbua. Nimeifikiria sana methali hii tangu lori lile lianguke, na naona haimfai yule papa. Hakuficha. Alinitajia mgongo, usingizi na sababu yake, kwa sentensi mbili zilizo wazi. Nilizisikia, nikazielewa, na sikuziandika kwa kuwa hazikuwa jibu la swali langu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimu. Anauza makaa mbele ya nyumba yake, na wake wa jirani humkopa. Nilimwomba radhi. Alinitazama kama mtu asiyeelewa ninaomba radhi ya nini, akanipa kiti. Tulikaa. Baadaye nilimwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza siku ile, bila fomu: «Papa, usiku unalala?»

Alianza kujibu, na jibu lake lilichukua muda mrefu.